Mitego ya Nzi kwenye Mpera wa Haboba

Harufu ya matumbo ya samaki yaliyolowekwa na kuachwa juani haiji yote kwa mara moja. Mwanzo wake ni mtamu, kama tunda lililoiva likapitiliza, na mgeni anaweza hata kugeuza shingo akitafuta mti wenyewe uko wapi. Kisha utamu ule unazama, na chini yake kunatokea kitu kizito kinachokaa nyuma ya ulimi na kukataa kuondoka hata ukitema mate. Mimi naijua harufu hiyo kama wengine wanavyojua harufu ya mkate au ya mvua ya kwanza. Majuzi niliisikia tena nyuma ya nyumba ninayopanga Kawangware, kwenye kona nilipotundika mtego wa nzi mbali kidogo na magunia yangu ya sukuma wiki, nikabaki nimesimama na kopo la maji mkononi mpaka chai ikachemka na kumwagika jikoni. Nimehama sana maishani. Nimekaa Kitui kwa mama, nikakaa Athi River, Eldoret na Nakuru, nikarudi Nairobi, nikaondoka, nikarudi tena, na kila nikionyeshwa nyumba mpya, jambo la kwanza ni kuzunguka nyuma, kusimama na kuvuta pumzi. Wenye nyumba hudhani ninakagua mitaro. Sijawahi kuwasahihisha.

Nilipokuwa mtoto tulikaa Kibera, upande wa Kambi Muru, kwenye ploti ya bibi mmoja Mnubi ambaye watoto wote tulimwita Haboba, kwa sababu ndivyo wajukuu wake walivyomwita bibi yao kwa Kinubi. Vyumba vyake vilizunguka uwanja wa udongo uliofagiliwa kila asubuhi mpaka ukawa laini kama sakafu, na nyuma ya uwanja kulikuwa na bustani. Asiyeijua Kibera ya wakati ule anaweza kushangaa kusikia habari ya bustani, lakini baadhi ya wazee wa Kinubi walikataa kuziba kila pembe kwa chumba cha kupangisha, na Haboba alikuwa mmoja wao. Alipanda sukuma wiki, kunde, na mrehani ulioegemea ukuta, na katikati alikuwa na mpera mkubwa ambao tawi lake moja lilinyooka hadi karibu na mlango wetu. Chumba chetu ndicho kilichokuwa cha mwisho, kikitazama bustani. Nyuma ya ua wa mabati ardhi iliteremka hadi kwenye kijito cheusi kilichobeba takataka za watu wote wa juu yetu. Masika yakifika, takataka zililowa, jua la saa sita likazipiga, na nzi wakapanda kutoka bondeni kama moshi wa kuni mbichi.

Baba alikuwa fundi wa bati. Alitoka Kitui akiwa kijana, akalinda malango ya nyumba za matajiri kwa miaka kadhaa, akaacha, kisha mjomba wake akamfundisha kutengeneza majiko, koroboi na masanduku ya wanafunzi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mwaka uliotangulia msimu huu ninaousimulia hata hayo machache yalipungua. Mdogo wangu Mwikali alifariki. Alikuwa ameanza tu kutembea, bado akishika ukuta. Tumbo lilimwachia, macho yakaingia ndani, na mama alipomfikisha zahanati mgongoni alikuwa mwepesi kama kitambaa alichofungiwa. Muuguzi aliwaambia wazazi wangu mambo mengi siku ile, kuhusu kuchemsha maji, kunawa mikono, choo na chakula kisichofunikwa, na katikati ya maneno hayo yote akataja nzi. Baba hakubeba jingine. Maji hakuweza kuyaona ndani, na choo kilikuwa cha ploti nzima, lakini nzi alikuwa na umbo. Nzi angeweza kumwona, kumfuata na kumuua. Tulimzika Mwikali Kitui, tukarudi, na tangu hapo nilizoea kumkuta baba mlangoni na kitambaa mkononi, akipiga nzi bila hasira, kimya kimya, kama mtu aliyeajiriwa kazi hiyo.

Mutua alizaliwa masika yalipokuwa yakianza. Nilikuwa darasa la tatu. Baba alimtazama kwa muda mrefu akiwa mikononi mwa mama, hakumgusa, akatoka kwenda kibandani kwake, na jioni hiyo akarudi na mtego wa kwanza. Ulikuwa kitu kizuri, hilo lazima niliseme. Chini kulikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa matundu pembeni. Juu ya mkebe alifunga wavu wa chuma alioukunja kama faneli, mdomo mpana chini na tundu dogo juu. Na juu ya tundu hilo akapindua chupa kubwa ya kioo. Nzi akishakula huruka kuelekea kwenye mwanga. Hupanda faneli, hutokea ndani ya chupa, na humo hajui tena njia ya kurudi. Chambo alikipata kwa Mama Atieno, jirani yetu aliyekaanga mgongo wazi nje ya lango, yaani zile mbuta zilizokwisha kutolewa minofu viwandani zikabaki kichwa na mifupa. Baba alichukua mashavu na matumbo yaliyobaki, akayaloweka kwa maji, akatupia kipande cha sukari guru. Kesho yake jioni chupa ilikuwa nyeusi, ikinguruma. Baba aliishika juu ya kichwa chake ili mama aione vizuri, na nikaona meno yake, kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu tutoke Kitui.

Aliutundika kwenye lile tawi la mpera lililofika mlangoni petu. Mama alipomuuliza mbona karibu hivyo, alijibu kama mtu anayejibu swali la mtoto. "Askari husimama wapi, Mama Nduku? Si mlangoni?" Hakuna aliyembishia. Sisi sote tuliona hivyo hivyo. Nusu ya wanaume wa kwetu waliokuja Nairobi walianza kwa kulinda malango, na wazo kwamba unaweza kulinda kitu kwa kukaa mbali nacho lisingeingia kichwani mwa yeyote kati yao.

Mutua hakuwa amefikisha umri wa kucheka alipoharisha mara ya kwanza. Mama alimpa maji ya chumvi na sukari kama alivyofundishwa, baba akatengeneza mtego wa pili. Alipona. Akaharisha tena, na mpera ukapata mtego wa tatu, na mwingine ukawekwa kwenye ua wa mabati, na mwingine kwenye nguzo ya kamba ya nguo. Hivyo ndivyo msimu ulivyokwenda: tumbo la mtoto likilegea, nyundo ya baba ilisikika kibandani. Alikuwa akiamka mapema kabla ya kazi, anashusha mikebe, anamwaga maiti za nzi shimoni, anaongeza chambo, na mikono yake ikaanza kunuka hata baada ya kuisugua kwa mchanga na sabuni ya mche. Kwa sababu ya mikono hiyo hakumbeba mtoto. Alikuwa anasimama kizingitini, viwiko vimekunjwa, viganja vimeinuliwa mbele ya kifua kama mtu aliyetoka kukanda unga, anamtazama Mutua akinyonya, kisha anaondoka. Sijui kama mama alikuwa akihesabu muda. Mimi nilikuwa nikijua tu kwamba baba yangu alikuwa na mtoto ambaye hajawahi kumshika.

Harufu ilijaa ploti. Ililala kwenye nguo zilizoanikwa, ikaingia kwenye sufuria za watu, ikawa inatutangulia mimi na sare yangu darasani. Watoto wa vyumba vya mbele walinipokea langoni kwa kuziba pua. "Sasa, Nduku wa Nzi! Leo kwenu ni supu ama ni kavu?" Mama Atieno, ambaye alipenda utani kuliko pesa, alikuwa akimpa baba mfuko wa matumbo huku akiangalia pembeni ili asicheke. "Baba Nduku, hawa nzi wako wanakula vizuri kushinda wateja wangu. Siku moja watakuja hapa kulalamika chumvi." Baba alikuwa akipokea mfuko, anashukuru, anaenda zake.

Kilichomuumiza mama kilikuwa kingine. Kwetu mtoto akizaliwa wanawake huja kumwona. Huja na unga wa wimbi na ndizi na kuni, huingia bila kubisha, hukaa kitandani, hupokezana mtoto, humwita bwanangu na mzee wangu, humkagua masikio na vidole, na mtu aliyezaa hujiona amerudi katika dunia ya watu. Baada ya kifo cha Mwikali mama alihitaji jambo hilo kuliko alivyohitaji chakula. Wachache walikuja siku za mwanzo. Kisha wakawa wanafika kwenye kona ya bustani, wanasimama, wanaita salamu wakiwa huko huko, wanaacha walichobeba juu ya jiwe la kufulia na kusema watarudi siku nyingine. Siku moja nilimsikia mama akimwambia baba, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, "Mtoto wangu ameonwa na nzi wote wa Kibera. Watu watamwona lini?" Baba alisema, "Wacha kwanza aishi." Mama alimfunika Mutua chandarua na kugeukia ukuta.

Hii ndiyo iliyokuwa hali yetu Haboba alipovuka uwanja siku moja baada ya sala ya alasiri, akiwa amejitanda shuka lake jeupe, akafika mlangoni petu. Baba alikuwa kwenye ngazi, anafunga mtego.

"Baba Nduku, uko?"

"Niko, Haboba. Karibu."

"Jumamosi naoza mjukuu wangu mkubwa. Watu watakula hapa uwanjani."

"Nimesikia. Hongera sana, Haboba."

"Hongera yako nitaipokea ukishaniondolea hii mizoga kwa mpera."

Baba aliteremka ngazi polepole. Alifuta mikono kwa suruali, ingawa sote tulijua haikusaidia. "Haboba, nikiondoa hii, nzi wataingia kwa mtoto."

"Na saa hii wako wapi? Wako likizo?" Aliinua mkono akaonyesha mlango wetu, ambao pazia lake lilikuwa limejaa madoa meusi yanayotembea. Kutoka langoni Mama Atieno alicheka mpaka akakohoa. Baba hakucheka. Alimtazama yule bibi machoni, kitu ambacho watu wa ploti hawakufanya, akasema kwa sauti ya chini, "Sitazika mwingine."

Haboba alivuta kigoda cha mama akaketi, akanyoosha miguu yake iliyovimba, na ukali ukamtoka usoni. "Mimi nimezika kutoka hii ploti kabla wewe hujazaliwa," alisema. "Sikufukuzi, mwanangu. Naweza, na sitaki. Nakuomba siku moja tu. Peleka huko mtoni, wageni wale, waende. Jioni uirudishe, na ngazi nitakushikia mimi mwenyewe." Mama alitokea nyuma ya pazia akiwa na Mutua kifuani. Alisema atakaa ndani ya chandarua siku nzima na hatainuka hata kwa maji. Baba aliangalia mitego yake, mmoja baada ya mwingine, kama anaiaga, kisha akakubali kwa kichwa.

Asubuhi ya Jumamosi alitundika mikebe yote kwenye ufito mrefu, akaubeba begani, nami nikatangulia kupisha watu. Njia ya kuteremka mtoni ilikuwa nyembamba, kati ya kuta za udongo, na kazi yangu haikuwa ngumu kwa sababu harufu ilifika kabla yangu. Wanaume waliruka mitaro. Mwanamke mmoja aliyekuwa anasuka nywele aliinuka na kiti chake. Mtu mmoja alituuliza, "Mzee, hiyo ni maiti ya nani?" na baba akajibu bila kusimama, "Ya nzi," na nyuma yetu watu wakacheka, na nikaona mgongo wa baba ukikaza. Wingu jeusi lilitufuata. Nakumbuka hilo vizuri, ingawa siku hiyo sikulielewa: nzi walitoka nasi kwenye ploti ya Haboba, wakatusindikiza njia nzima, wengine wakikaa kwenye kofia ya baba kama abiria. Alichimbia vigingi chini karibu na jalala, akatundika mitego, akaketi juu ya jiwe kuilinda, maana chupa za kioo hazikukaa bila mwenyewe. Mimi nilirudi harusini.

Kulikuwa na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa na ya gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, na ngoma ya doluka ilikuwa imeanza. Wanawake walivaa gurbaba, nguo zao za Kinubi za kujifunga, za rangi kali zilizonifanya nione haya kwa gauni langu. Nilipofika mlangoni petu nilimkuta mama ameketi kizingitini, nje ya chandarua, kinyume na alivyoahidi. Mutua alikuwa mapajani mwake, miguu wazi, anarusha mateke hewani. Mama hakuwa akimtazama mtoto. Alikuwa akitazama pazia. Pazia lilikuwa jeupe. Aliinuka, akanipa Mutua, akaingia ndani akatoka na bakuli la uji wa wimbi wenye sukari, akaliweka kwenye ngazi ya mlango, juani, bila kulifunika. Kwetu kufanya hivyo kulikuwa kama kuweka kisu mkononi mwa mtoto mchanga. "Mama!" nilisema. Akaniambia, "Nyamaza. Tungoje."

Baba alitokea kwenye kona ya bustani. Alikuwa amemwachia kijana wa kuokota chupa ulinzi ili aje amwone mtoto. Kitu cha kwanza alichoona ni lile bakuli, na alikimbia. Alikuwa ameshavua kofia yake ili alifunike bakuli, mama alipomshika kifundo cha mkono, ule mkono unaonuka, akaushikilia.

"Ngoja, Baba Nduku. Tazama."

"Utamuua!"

"Tazama kwanza."

Tulisimama hapo, watatu na mtoto, tukitazama bakuli la uji. Nyuma yetu ngoma ililia na wanawake wakapiga vigelegele. Nzi mmoja alikuja, akatembea kwenye ukingo, akasugua miguu yake, akaondoka. Uji ukaanza kufanya utando juu. Mwingine alipita bila kutua. Siku yoyote nyingine ya msimu ule bakuli hilo lingekuwa jeusi kabla mtu hajageuka. Baba aliinua macho akatazama tawi la mpera, mahali palipokuwa na alama za waya, akatazama mlango, akatazama tena tawi. Nilimwona akipima umbali kwa macho kama anavyopima bati kabla ya kulikata. Alikuwa fundi, na hesabu ya namna hiyo haikuhitaji mtu wa kumsaidia.

"Nilikuwa nawaita," alisema.

Mama aliuachia mkono wake.

"Wote hawa. Kutoka bondeni kote. Nilikuwa nawaita waje hapa mlangoni."

Aliketi chini, sio kwenye ngazi, chini kwenye udongo, na mikono yake akaiweka juu ya magoti, viganja juu, kama vitu vya mtu mwingine alivyoombwa kushika. Nimefikiria sana kuhusu dakika zile. Sitaki kusema nzi wa mpera ndio waliomfanya Mutua augue. Maji yetu yalikuwa yale yale na choo kile kile, na watoto wa ploti zisizo na mitego waliharisha pia. Lakini baba hakuwa na nafasi ya kuwaza hivyo. Alikuwa anakumbuka kila mtego, na kila ugonjwa uliomfanya autengeneze, na jinsi alivyopanda ngazi ile ya mpera akijisifu moyoni.

Sijui nani alimwambia Haboba. Labda aliona tu, maana hakuna kilichopita kwenye uwanja wake asikione. Alikuja akiwa na gurbaba yake ya harusi, amebeba chetezo cha udongo chenye makaa, na moshi wa ubani ukimtangulia. Nyuma yake walikuja wanawake, wa Kinubi na wa Kikamba na Mama Atieno akiwa bado na aproni yake ya samaki, kwa sababu neno lilikuwa limezunguka kwamba kwa Mama Nduku leo kunaingilika. Waliingia. Walimpokea Mutua kutoka kwangu na kuanza kumpitisha. "Huyu ndiye mwenyewe? Alikuwa amefichwa!" "Angalia paji la uso, ni Baba Nduku kabisa." "Bwanangu, ulikuwa unanikimbia?" Mama aliketi katikati ya kitanda na kulia waziwazi, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Baba alibaki nje. Mtu alimwita aingie, akainua viganja kuonyesha kwa nini hawezi. Hapo Haboba alitoka na chetezo, akainama mbele yake kwa shida ya magoti yake, akasema, "Lete mikono."

"Inanuka, Haboba."

"Najua inanuka. Nimekaa nayo masika yote. Lete."

Alimshika vifundo, akaiweka mikono yake juu ya moshi, akaigeuza huku na huku kama anachoma mahindi, ndani na nje, kati ya vidole, mpaka macho yake mwenyewe yakatoka machozi kwa moshi. Akamwita Mama Atieno, na Mama Atieno akatoka na mtoto. Mara hii hakukuwa na utani. Baba alimpokea Mutua vibaya, kama mtu anayepokea karai la maji lililojaa, na Mutua akamshika kidole na kukipeleka mdomoni. Baba alikivuta haraka. Mtoto akakitafuta tena. Nilisimama pale mpaka nilipoitwa kwenda kula, na nilipogeuka nyuma baba alikuwa bado hajabadilisha mkono.

Mitego haikurudi kwenye mpera. Ilikaa kule chini karibu na jalala masika yote yaliyobaki, na ya mwaka uliofuata, na baba aliteremka kuitunza kila asubuhi. Watu wa ploti nyingine walikuja kibandani kumwomba awatengenezee, na baba alimwambia kila mmoja neno moja tu, mbali, akionyesha kwa mkono ulionyooka. Hakueleza zaidi. Mutua aliharisha tena mara kadhaa, kama watoto wote wa Kibera, na akanenepa. Tulipohama, Haboba alimpa mama kile chetezo. Mama alinipa mimi, na ndicho kitu pekee kilichotoka nami katika kila nyumba bila kuvunjika.

Baba yuko Kitui sasa, kaburi lake kando ya la Mwikali. Ploti ya Haboba haipo. Mpera ulikatwa, na pale palipokuwa bustani pamejengwa vyumba hadi kwenye kijito. Mutua anakaa kwenye ghorofa za Soweto East, juu kabisa, kwenye nyumba yenye bomba na madirisha yenye wavu, na binti yake, aliyempa jina la Mwikali, amefika umri wa kukimbia bila kuujua mlio wa nzi sikioni. Alipozaliwa, watu walituma salamu kwa simu, maua ya kuchorwa na mioyo. Nilikwenda mimi, akaja mama mkwe wa Mutua. Nyumba ilinukia sabuni ya hospitali, na nilikaa kwenye kochi nikisubiri mlango ugongwe tena, haukugongwa. Sikusema kitu, kwa sababu mtoto alikuwa na afya, na hilo ndilo baba alilolitaka kuliko vyote.

Mtego wangu wa Kawangware niliununua kwenye duka la dawa za mifugo, kwa sababu jirani wa upande wa Riruta anafuga ng'ombe. Ni mfuko wa plastiki wenye unga ndani. Unaongeza maji na kutundika. Kwenye mfuko pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba utundikwe mbali na nyumba. Nilisoma maneno hayo nikiwa dukani, nikayasoma tena, na muuzaji akaniuliza kama sina miwani. Kilichomchukua baba yangu msimu mzima na mtoto mgonjwa, sasa kimechapishwa juu ya mfuko, na hakuna anayekisoma. Wapangaji wenzangu waliuliza kwenye kundi letu la simu nani amezika ng'ombe nyuma ya nyumba.

Jumapili iliyopita Mutua alikuja na binti yake. Alifika kwenye kona akasimama, kama wale wanawake wa zamani. "Sista, kuna kitu imekufa hapa."

"Ni mtego. Umejaa, nataka kuubadilisha."

Nikamsimulia, maana kumbe baba hakuwahi kumwambia. Alisikiliza hadi mwisho, mikono mfukoni. Aliuliza jambo moja, "Kwa hivyo mwaka huo hakuwa ananibeba?" Nikasema hapana, mpaka siku ile. Akakunja mikono ya shati, akaenda kwenye kona, akashusha mfuko mwenyewe. Ulipasuka pembeni, maji yakamwagikia viganja hadi kwenye saa. Alichimba shimo, akaufukia, akanawa kwenye bomba, akanusa, akanawa tena. Kisha akageuka. Alikuwa amesimama viwiko vimekunjwa, viganja vimeinuliwa mbele ya kifua, na binti yake anamkimbilia, mikono juu, akisema, "Baba, nibebe."

Niliingia ndani haraka. Nilitoa chetezo kabatini, nikachukua makaa kwenye jiko, nikatafuta ubani ambao sikumbuki lini niliutumia mara ya mwisho, nikapuliza mpaka moshi ukashika. Nilipotoka, nilikuwa nimechelewa. Mwikali alikuwa begani mwa baba yake, shavu lake kwenye shingo, miguu inaning'inia. "Baba, unanuka," alikuwa akimwambia, na hakuwa akishuka. Mutua alikuwa amemshika kwa viganja vyote viwili, macho ameyafumba. Nilisimama na moshi mkononi, sikujua nimpe nani. Mwisho nilikiweka chetezo kwenye ngazi ya mlango, nikaacha ubani ujiunguze wenyewe.